Mimba kwenye mrija: saa ndiyo inayochagua tiba

Siku ya Jumatano wifi yangu alilalamika bega. Bega la kulia, kwenye ncha kabisa, pale mkanda wa mkoba unapokaa. Asubuhi alikuwa amechota maji, kwa hiyo sote tukasema ni ndoo. Tumbo lilimuuma tangu Jumapili, upande mmoja chini ya kitovu, nalo lilikwisha kupewa majina. Mama alisema ni chango, mhudumu wa zahanati akasema ni UTI. Kwa chango alichemshiwa mizizi, kwa UTI akapewa vidonge vya siku tano. Bega halikupewa jina wala dawa, na ndilo lililokuwa likisema ukweli.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane, alianguka chooni. Kaka yangu alimbeba mgongoni hadi barabarani, tukapata bajaji, na tulipofika hospitali midomo yake ilikuwa imepauka, mikono ya baridi kama ya mtu aliyetoka kisimani. Daktari wa zamu, kijana mpole asiyepandisha sauti, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza siku zote nne: "Hedhi ya mwisho umeiona lini, dada?" Wifi alijibu kwamba aliona damu kidogo wiki iliyopita, akadhani ndiyo hiyo. Wakachukua mkojo. Mistari miwili. Kisha daktari akachoma sindano tumboni, akavuta, na bomba likajaa damu. Aliliweka mezani, akalitazama dakika kadhaa. Damu haikuganda. Damu iliyovutwa kwa bahati mbaya kutoka kwenye mshipa huganda, lakini iliyokwisha kumwagika tumboni na kukaa humo haigandi tena. Akamgeukia nesi, akamwambia aandae chumba cha upasuaji.

Baadaye nilielezwa habari ya bega, na tangu hapo sijaacha kuwasimulia wanawake ninaokutana nao. Damu ikivuja ndani ya tumbo na mgonjwa akalala, hupanda hadi chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua. Neva ya kiwambo inatoka shingoni, jirani kabisa na neva zinazohudumia bega, na ubongo hushindwa kutofautisha. Tumbo linavuja, bega linauma. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayeumwa tumbo la chini, kisha bega likamchoma hasa anapolala chali, hafai kusubiri kupambazuke.

Kwenye korido kulitokea jambo la pili ambalo sijalisahau. Nesi alitoka haraka, akamwambia mama: "Ana mimba ya nje." Mama yangu ni mtu mzima wa kijijini, na katika masikio yake maneno hayo yana maana moja tu. Mtoto wa nje tunamjua sote ni nani. Nilimwona akikaza uso, akamtazama kaka, na kwa robo saa nzima, wakati mkwe wake anakaribia kufa ndani, mzee wa watu alikuwa akihangaika na aibu ambayo haikuwapo. Nawaomba wauguzi na madaktari wetu: semeni mimba imetunga kwenye mrija. Neno "nje" lina kazi nyingine katika lugha yetu, na linaumiza watu.

Kwani mrija ni nini? Ni njia nyembamba inayotoka kwenye mfuko wa uzazi kwenda kwenye ovari, mmoja kila upande. Yai hurutubishwa humo, kisha husukumwa taratibu kwa siku kadhaa na vinyweleo vidogo sana vilivyo ndani ya ukuta wa mrija, mpaka lifike kwenye mfuko na kujishikiza. Njia hiyo ikiwa na kovu, au vinyweleo vimekufa, yai hukwama na kutunga hapo hapo lilipo. Katika kila mimba 100 duniani, moja au mbili hutunga mahali pasipo pake, na zaidi ya 90 katika kila 100 za namna hiyo huwa kwenye mrija. Chache hukaa kwenye ovari, shingo ya kizazi, kovu la upasuaji wa uzazi au tumboni. Mfuko wa uzazi unatanuka mpaka kubeba mtoto wa kilo tatu na zaidi. Mrija haukuumbwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya nane tangu hedhi ya mwisho huanza kuvuja au hupasuka.

Makovu hayo chanzo chake kikubwa ni maambukizi ya zamani, hasa klamidia na kisonono, ambayo kwa mwanamke huweza kupita bila dalili yoyote. Upasuaji wa tumbo uliopita huchangia, na sigara pia. Kitanzi kina habari yake ya pekee: kinazuia mimba vizuri sana, lakini ikitokea mwanamke akashika mimba kitanzi kikiwa ndani, uwezekano wa mimba hiyo kuwa kwenye mrija ni mkubwa kuliko kawaida. Hali kadhalika kwa aliyefunga kizazi. Hata hivyo nusu ya wanawake wanaopata tatizo hili hawana sababu yoyote kati ya hizo. Nalisema hili kwa ajili ya wakwe na waume wanaoanza kuuliza maswali ya uchunguzi pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Wifi yangu hakuwa na kosa.

Madaktari wameijua hali hii kwa zaidi ya miaka 1,000. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika habari za mwanamke aliyevimba kitovuni, pakapasuka usaha, na pamoja na usaha ikatoka mifupa midogo ya kijusi. Kujua ni jambo moja, kuokoa ni jingine. Hadi karne ya 19 mrija uliopasuka ulikuwa hukumu ya kifo kwa walio wengi. Mwaka 1881, katikati ya Uingereza, daktari mmoja alimsihi Robert Lawson Tait, mpasuaji wa Birmingham, amfungue tumbo mgonjwa wa namna hiyo. Tait alisita, mgonjwa akafa, na mwili ulipochunguzwa akaona kwamba kufunga na kuondoa mrija uliopasuka kungetosha. Mwaka 1883 akathubutu. Mgonjwa wa kwanza alimfia mezani kwa sababu alipoteza muda kutenganisha vitu vilivyogandamana huku damu ikiendelea kutoka. Kwa aliyefuata alikwenda moja kwa moja kwenye shina la mrija, akalifunga, kisha ndipo akaanza kusafisha. Mama yule alipona. Hivyo ndivyo inavyofanyika hadi leo: kidole na koleo vinaingia kwenye damu, vinautafuta mrija, vinaubana. Mengine baadaye.

Usiku ule kaka alipewa karatasi ya idhini. Mkono ulimtetemeka. Akamuuliza daktari: "Mnamtoa kizazi?" Daktari akamjibu kwamba wanatoa mrija mmoja, kizazi kinabaki, ovari zinabaki, mrija wa upande wa pili unabaki. Nadhani nusu ya hofu yetu kuhusu upasuaji huu inatokana na kutojua tofauti hiyo. Mwanamke aliyetolewa mrija anaendelea kuona hedhi yake na anaweza kuzaa. Na sahihi ya mume, kwa mgonjwa mtu mzima mwenye fahamu zake, si ya lazima, anajisainia mwenyewe. Nimesikia habari za wanawake waliokaa kwenye benchi wakisubiri mume arudi kutoka safari. Wakati huo damu haikumsubiri mtu.

Kisha likaja suala la damu. Benki ya damu ya hospitali ilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Kaka akatolewa yake, ikawa inapimwa, na kupima kunachukua muda. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo nilidhani ni hadithi. Tumboni mwa wifi kulikuwa na kama lita moja na nusu ya damu yake mwenyewe, mbichi, isiyo na uchafu wa utumbo wala usaha. Mpasuaji aliichota kwa upawa uliochemshwa, akaimimina kwenye bakuli safi kupitia matabaka ya shashi ili kuzuia mabonge, ikatiwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, na ikarudishwa kwenye mshipa wa mkono wake. Damu ya mwenyewe haina ugomvi wa makundi, haina virusi vya mtu mwingine, ina joto lake, na haihitaji ndugu wa kuitafuta usiku.

Njia hii si ubunifu wa shida zetu tu. Mjerumani Johannes Thies aliieleza mwaka 1914, kwa wagonjwa hawa hawa wa mimba ya kwenye mrija. Katika nchi tajiri ilikuja kupata mashine za bei kubwa. Kwetu imebaki upawa, shashi na mikono ya watu wenye ujasiri. Ina masharti yake: damu iwe ya saa chache, si ya siku, na tumbo lisiwe limechafuka. Kwa maoni yangu kila kituo cha afya kilichojengewa chumba cha upasuaji kingepaswa kuwa na vifaa hivi vimechemshwa na kufungwa tayari, pamoja na mtu anayejua kuvitumia. Chumba cha upasuaji kisicho na damu, yako au ya mwingine, ni chumba chenye taa nzuri tu.

Wifi alitoka salama saa kumi na moja alfajiri. Siku ya tatu, akiwa ameanza kunywa uji, aliniuliza kwa sauti ndogo: "Wifi, hakukuwa na dawa? Ilikuwa lazima kisu?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu jibu lake la kweli ni kwamba dawa ipo, ila kwa alivyofika yeye, saa ya dawa ilikuwa imepita.

Kama angefika wiki mbili kabla, hedhi imechelewa siku chache, mambo yangekwenda tofauti. Angepimwa mkojo, mistari miwili ingeonekana, angefanyiwa kipimo cha ultrasaundi, kile cha kuingizwa ukeni, ambacho huona mapema zaidi kuliko cha juu ya tumbo. Mfuko wa uzazi ungeonekana mtupu. Mfuko mtupu peke yake hauthibitishi kitu, huenda mimba ni changa mno au imeharibika, kwa hiyo angetolewa damu kuhesabu homoni ya ujauzito, kisha akarudia baada ya saa 48. Mimba changa iliyokaa vizuri hupandisha homoni hiyo kwa kasi. Inayopanda kwa kusuasua au kusimama inatia shaka. Hapo nahitaji kuonya. Mwanamke anayetokwa damu mimba ikiwa changa mara nyingi huambiwa imeharibika na husafishwa. Akisafishwa na kusitoke tishu ya mimba, mtu asimruhusu aende nyumbani. Mimba hiyo huenda ipo mahali pengine.

Tuseme imethibitika ni ya kwenye mrija, mrija haujapasuka, na mgonjwa yuko imara. Sasa kuna milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kusubiri. Mimba nyingine za mrija hufa zenyewe na mwili huzinyonya. Kama maumivu hayapo na homoni iko chini na inazidi kushuka, daktari anaweza kumfuatilia tu kwa vipimo vya damu. Ni kwa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu, na wanaoishi karibu na hospitali.

Mlango wa pili ni sindano ya methotreksati. Dawa hii inaizuia chembe hai isitumie foliki, vitamini ambayo kila chembe inayogawanyika kwa kasi inaihitaji. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, huko Marekani, walionyesha kwamba inaweza kuyeyusha saratani inayoota kutoka kwenye kondo la nyuma. Kondo na saratani hiyo ni ndugu, kwa hiyo haikushangaza kwamba mwaka 1982 madaktari wa Japani wakiongozwa na Tanaka waliitumia kwa mimba iliyotunga kwenye kona ya mrija. Leo ni tiba ya kawaida kwa anayestahili: asiye na maumivu makali, mrija mzima, uvimbe usiozidi kama sentimita tatu na nusu, moyo wa kijusi haudundi, na homoni isiyozidi uniti 5,000 kwa lita, baadhi ya miongozo, ukiwamo wa Uingereza, hupendelea 1,500. Vipimo vya ini, figo na damu lazima viwe vizuri. Ikichaguliwa kwa anayefaa, wengi sana hupona bila kisu, na mrija unabaki.

Sindano ni ya dakika moja; kazi iko baada yake. Siku ya nne na siku ya saba damu inapimwa tena, na homoni inatakiwa kushuka angalau asilimia 15 kati ya siku hizo mbili. Isiposhuka, hupewa sindano ya pili au huenda kupasuliwa. Kisha hupimwa kila wiki mpaka homoni iishe kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki nne, sita au zaidi. Siku za mwanzo tumbo huuma kidogo hata kama dawa inafanya kazi, na hapo ndipo penye mtego, maana mrija unaweza kupasuka hata baada ya sindano. Pombe haitakiwi, vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni havitakiwi, kunyonyesha kunasimama. Na jambo ambalo kwetu husahaulika: vile vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kliniki vina foliki ndani yake. Mwanamke anayeendelea kuvimeza kwa nia njema anaidhoofisha dawa yake mwenyewe. Mimba nyingine isubiri angalau miezi mitatu.

Nimewasikia watu wakilaumu hospitali za wilaya kwamba hukimbilia kupasua. Sikubaliani nao moja kwa moja. Hospitali isiyoweza kuhesabu homoni, ikabaki na kipimo cha ndiyo na hapana cha mkojo, haiwezi kujua kama dawa imefanya kazi. Na mama anayeishi kilomita 80 kwenye barabara ya vumbi, nauli ya kwenda na kurudi ni ya kukopa, hatarudi siku ya nne na ya saba. Kumpiga sindano na kumwachia safari hiyo si huruma. Kwa mwanamke wa aina hiyo upasuaji uliofanyika mchana, akiwa hajapasuka, ni tiba nzuri kuliko dawa. Lawama iende kwa wanaopanga bajeti za maabara, maana methotreksati yenyewe ni dawa ya zamani na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mlango wa tatu ni upasuaji wenyewe, wa matundu kwa kamera au wa mpasuko wa kawaida. Wa matundu humrudisha mgonjwa nyumbani mapema na kovu lake ni dogo. Aliyekwisha kupoteza damu nyingi hufunguliwa tumbo kwa kawaida, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Ndani, mpasuaji ama huchana mrija na kutoa mimba au huondoa mrija wote. Watu wengi, nami nikiwamo, tungedhani kuuhifadhi ndiko bora kwa uzazi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika katika nchi za Ulaya na Marekani, uliwafuatilia wanawake ambao mrija wa pili ulikuwa mzima. Ndani ya miaka mitatu, karibu 61 katika kila 100 waliohifadhiwa mrija walipata mimba salama pasipo msaada wa maabara, na 56 kati ya walioondolewa. Kitakwimu tofauti hiyo haina uzito. Waliohifadhiwa walibakiwa na mabaki ya mimba mara nyingi zaidi, wakahitaji tiba tena. Kwa hiyo kama mrija wa pili ni mzima, kuuondoa ulioharibika si msiba.

Watu wengine huniuliza kwa nini mimba isihamishwe tu ikawekwe panapostahili. Haiwezekani, hakuna hospitali duniani inayoweza kufanya hivyo. Wapo pia wenye dhamiri nzito wanaoogopa kwamba wanatoa mimba. Mimba ya mrija haina namna ya kukua ikawa mtoto, ikiachwa inaweza kumuua mama, na sheria yetu, katika kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, haimhesabii kosa daktari anayepasua kwa nia njema kuokoa maisha yake.

Wifi yangu alirudi nyumbani siku ya saba. Hakuna aliyekuja kumpa pole ya mtoto. Walimpa pole ya upasuaji, kana kwamba alitolewa kidole tumbo. Lakini yeye alikuwa na mimba usiku ule kwa muda wa kuiona mistari miwili tu, na aliilia peke yake jikoni, mimi nikiwa nyuma ya mlango sijui niingie au nisiingie. Niliingia. Tulikaa kimya mpaka ugali ukaungua.

Kabla hajaruhusiwa, daktari alimwambia mambo mawili. Aliyewahi kupata hali hii mara moja, moja katika kila mimba kumi zinazofuata inaweza kutunga vibaya tena. Tisa zitakaa mahali pake. Kwa hiyo hedhi ikichelewa tu, asisubiri tarehe ya kliniki, aende kwenye ultrasaundi wiki ya sita. Na usiku ukimkuta tena, apige 115, namba ya bure ya m-mama ya kuomba usafiri wa dharura wa wajawazito, badala ya kutafuta bajaji gizani. Sisi tulikuwa na simu nne nyumbani mle na hakuna aliyeijua namba hiyo.

Kwa upande wangu naomba kitu kimoja kwa kila zahanati na kila duka la dawa: mwanamke wa umri wa kuzaa akija na tumbo la chini, hata kama anasema hedhi ameiona, hata kama ana kitanzi, hata kama ni msichana wa shule, apimwe mimba kabla ya kuandikiwa vidonge vya UTI. Kijiti cha kupimia mkojo bei yake haizidi chakula cha mchana cha kwa mama ntilie.

Mwezi uliopita, karibu miaka miwili baada ya usiku ule, simu yangu iliita asubuhi sana. Alikuwa wifi. Hedhi imechelewa siku tano, amepima, mistari miwili, nauli ya hospitali ya mkoa ameshaiweka pembeni na tarehe ya ultrasaundi ameizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Nilimuuliza habari za tumbo, akasema halijambo. Nikanyamaza kidogo, kisha nikauliza: "Na bega?"

"Bega zima, wifi," akasema.